Sindano za kupunguza mwili: peni ya kampuni au kichupa cha kuchanganywa, piga hesabu hivi kabla hujatoa hela

Siku hizi ukifungua status za watu wa mjini hukosi kukutana na sindano. Mara Ozempic, mara Mounjaro, mara "kichupa cha Marekani bei poa, mwezi mzima laki mbili tu", na watu wanatuma hela kwa simu hata hawajauliza hicho kichupa kina nini ndani. Mie si daktari, kazi yangu kufunga mahesabu ya maduka, na kwa sababu hiyo jamaa wananiletea hizi bei niwapigie, ipi nafuu ipi ghali. Jibu langu huwa refu kuliko wanavotaka, kwahiyo nimeona niliandike lote hapa.

Na kabla ya yote elewa hili, manake ndo linaloharibu hesabu za wengi: ile bei rahisi ya dawa ya kuchanganywa (yani iliyotengenezwa na famasi, siyo na kampuni yenye dawa) unayoisoma mtandaoni ni bei ya Marekani. Imesimama juu ya sheria ya kule, daktari wa kule aliyeandika cheti, na famasi ya kule yenye leseni inayoweza kufungiwa ikikosea. Ikifika Unguja, bei inakuja, jina linakuja, lakini hivyo vyengine vyote vimebaki kule kule.

HATUA YA KWANZA: Achana na jina la boksi, shika jina la dawa

Ozempic na Wegovy ni dawa moja. Ndani yake ni semaglutaidi (kwenye boksi wanaimalizia na "-tide"), na kampuni ni moja, Novo Nordisk ya Denmark. Ozempic iliruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa sukari aina ya pili na dozi yake kubwa ni miligramu 2 kwa wiki, Wegovy ikaruhusiwa 2021 kwa ajili ya unene na yenyewe ikafika miligramu 2.4. Rybelsus ni semaglutaidi hiyo hiyo lakini vidonge vya kila siku. Mounjaro na Zepbound nazo ni hivo hivo, zote tirzepataidi ya Eli Lilly, Mounjaro ya sukari tangu 2022 na Zepbound ya unene tangu 2023. Halafu iko Saxenda, hiyo ni liraglutaidi, ya zamani kidogo, unajichoma kila siku badala ya mara moja kwa wiki.

Sasa mtu anachukua bei ya Zepbound anaiweka pembeni ya kichupa cha semaglutaidi anasema "ona, nimeokoa nusu". Hujaokoa, umelinganisha bei ya nguru na bei ya dagaa. Kwenye utafiti mkubwa wa semaglutaidi ya 2.4 watu walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wiki 68, na kwenye wa tirzepataidi dozi ya juu kabisa, miligramu 15, wakapungua kama asilimia 20.9 kwa wiki 72. Mtu wa kilo 95 hiyo ni kama kilo 14 kwa mmoja na kilo 20 kwa mwengine. Ni wastani lakini, wako waliopungua zaidi na wako ambao haikuwafanya kitu cha maana, na wote hao walikuwa wanapewa na ushauri wa kula na mazoezi, si sindano peke yake halafu jioni urojo na chapati za maji.

HATUA YA PILI: Daktari, na hapa sikai sana

Hizi dawa kule zilikoruhusiwa kwa unene zinaandikiwa mtu ambaye BMI yake (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) ni 30 kwenda juu, au 27 ikiwa ana maradhi yanayoendana na unene kama presha au sukari. Unaipata kwa kugawa kilo zako kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 92, urefu mita 1.60, basi 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 92 gawa 2.56 ni karibu 36. Kama yako imekuja 25 na unataka tu gauni la harusi likae vizuri, funga huu ukurasa, hela yako ina kazi nyengine.

Mwenye mimba au anayepanga kubeba, aliyewahi kuumwa kongosho, na yule ambaye kwao kuna historia ya saratani ya tezi la shingo ile aina ya medula, hawa wasijaribu kitu mpaka wakae na daktari. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ajue kwamba akiongeza na hii sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Andika gharama ya kumuona daktari na vipimo kwenye daftari lako, nayo ni sehemu ya bei, watu wanaisahau.

HATUA YA TATU: Jua hicho kichupa cha kuchanganywa kilizaliwa wapi

Kuanzia 2022 dawa za kampuni zilikuwa hazitoshi Marekani, kila mtu anazitaka. Sheria yao inasema dawa ikiingia kwenye orodha ya zilizoadimika, famasi za kuchanganya dawa zinaruhusiwa kutengeneza inayofanana nayo. Ndo pakatokea vichupa vya semaglutaidi na tirzepataidi vya dola mia mbili, mia tatu kwa mwezi, wakati bei ya boksi la Wegovy iliyoandikwa na kampuni ilikuwa dola 1,349 na Zepbound kama 1,060. Unaona mwenyewe kwa nini watu walikimbilia huko.

Lakini ule mlango ulifungwa. Mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitangaza uhaba wa tirzepataidi umekwisha Desemba 2024, na wa semaglutaidi Februari 2025, wakazipa famasi miezi michache kumalizia, mpaka Mei 2025 muda wa wote ukawa umepita. Zilizobaki zinatengeneza kwa mgonjwa mmoja mmoja ambaye daktari ameona kuna sababu, na FDA wenyewe wanasema wazi kwamba dawa za kuchanganywa hawazikagui kabla hazijauzwa, si ubora, si usalama, si kama inafanya kazi. Tena walionya kuwa wengine wanatumia semaglutaidi ya chumvi, yani sodiamu au asetati, ambayo siyo ile iliyomo kwenye peni ya kampuni (ile sindano yenye umbo la kalamu, dawa imo tayari ndani).

Kitu ambacho wauzaji wa huku hawakwambii: kampuni nazo zimeshusha. Kwa anayelipa mfukoni kule, Wegovy ilishushwa Novemba 2025 ikawa dola 349 kwa mwezi, na Zepbound ya kichupa Desemba 2025 ikawa 299 kwa dozi ya kuanzia, 399 inayofuata na 449 kwa zilizobaki. Kwahiyo yule anayekuja na hoja ya "orijino dola elfu moja na mia tatu, mie nakupa kwa mia mbili" anakulinganishia na bei ya zamani ili wewe ujione mjanja.

HATUA YA NNE: Geuza kila kitu kuwa miligramu, halafu piga mwaka mzima

Hii ndo yenyewe, chukua kalamu.

Semaglutaidi ya unene unaipanda ngazi: wiki nne za 0.25, wiki nne za 0.5, wiki nne za 1, wiki nne za 1.7, halafu 2.4 na unakaa hapo. Muuzaji wa kichupa anakutajia bei ya wiki nne za mwanzo. Na wiki nne za mwanzo ndo unatumia dawa kidogo kuliko wakati wowote, jumla miligramu 1 tu! Ile dozi hata haikuwekwa kwa ajili ya kupunguza, ni ya kuuzoesha mwili usitapike.

Tuseme kichupa ni cha miligramu 5 na wanakuuzia laki mbili (hii bei nimeiweka ya mfano, wewe weka yako). Ukiangalia haraka utasema laki mbili kwa mwezi, mara kumi na mbili, milioni mbili na laki nne kwa mwaka, naiweza. Haya tupige kweli, kwa vipindi kumi na mbili vya wiki nne nne (ni wiki 48, mwaka kasoro wiki nne):

Kipindi cha kwanza miligramu 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 6.8. Kuanzia cha tano ni 9.6 kila kipindi, mara nane, hiyo ni 76.8. Jumla ya yote miligramu 90.6. Gawa kwa 5, unahitaji vichupa 19.

Na bado. Kichupa cha kuchomwa mara nyingi, kikishatobolewa mpira, kanuni ya kawaida ni siku 28 ukitupe, hata kama kimebaki, manake kila sindano inayoingia inaweza kuingiza vijidudu. Kwahiyo kipindi cha kwanza umetumia 1 umemwaga 4. Ukihesabu hivo unatumia kimoja, kimoja, kimoja, halafu viwili, halafu viwili viwili mara nane: vichupa 21. Mara laki mbili ni milioni nne na laki mbili. Umetoka kwenye 2,400,000 umefika 4,200,000 na muuzaji hajasema uongo hata neno moja, amekutajia bei ya mwanzo tu.

Peni ya kampuni inahesabika tofauti. Wegovy boksi moja ni dozi nne za wiki nne na hakuna cha kumwaga. Ozempic ile peni ya kuanzia ya Marekani ina miligramu 2 ndani, ukifuata ngazi yake unachoma 0.25 mara nne, hiyo ni 1, halafu 0.5 mara mbili, hiyo ni 1 nyengine, yani wiki sita kutoka peni moja. Mtu akikwambia "peni moja mwezi mmoja" kwa mwanzo huo, amekuuzia wiki mbili mara mbili. Lakini ukishafika 0.5 kila wiki ndo peni hiyo inakuwa ya wiki nne kweli.

Sasa weka na bei za kampuni upande wa pili. Tukichukua dola moja shilingi 2,500 kwa urahisi wa hesabu, Wegovy ya dola 349 (ile bei ya Novemba 2025) ni 872,500 kwa mwezi, mwaka ni milioni kumi na karibu laki tano. Na hiyo ni bei ya Mmarekani mwenye cheti cha Marekani, ikifika huku kuna nauli, kuna faida ya mletaji, kuna barafu. Nnajua, kwa mishahara yetu hii ni hadithi. Ndo maana mie simcheki anayetafuta nafuu, nnamcheki anayetafuta nafuu bila kuhesabu.

Halafu mwaka wa pili. Waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi, ndani ya mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupunguza. Hii si dozi ya malaria useme umemaliza. Kama mfuko wako unatosha miezi mitatu tu basi umenunua ngazi na hukufika juu, bora hiyo hela uiweke mpaka itoshe, au usianze. Mwenyewe nikiulizwa nasema usianze.

HATUA YA TANO: Miligramu, mililita na yuniti, hapa watu wanaumia

Peni ya kampuni kama Ozempic unazungusha, inaonyesha 0.25, unachoma, basi. Kichupa unavuta mwenyewe kwa sindano ya insulini, na sindano ya insulini haijaandikwa miligramu, imeandikwa yuniti. Yuniti 100 ni mililita moja. Dawa ngapi iko ndani ya hiyo mililita, inategemea kichupa.

Kichupa cha kwanza kimeandikwa 2.5 mg/mL. Unataka 0.25, hiyo ni sehemu ya kumi ya mililita, unavuta mpaka yuniti 10. Mwezi unaofuata umeletewa kichupa chengine, kimeandikwa 5 mg/mL, rangi ya kifuniko ile ile, wewe umeshazoea kumi unavuta kumi. Umejichoma mara mbili ya dozi yako. Na anayesikia "ishirini na tano" akavuta yuniti 25 kwa kuwa ameambiwa 0.25, kwenye hicho cha pili amejichoma 1.25, mara tano. FDA mwaka 2024 walitoa onyo kabisa, wamepata taarifa za watu waliojichoma mara 5 mpaka mara 20 ya dozi waliyotakiwa, wengine wakalazwa. Unatapika mpaka maji yanakwisha mwilini, na dawa yenyewe hata baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo mwilini, huwezi kuitoa.

Sasa kile cha unga ndo balaa zaidi. Famasi halali ya kule kwa kawaida inampa mgonjwa kichupa kimeshakuwa maji, kina jina lake na nguvu ya dawa imeandikwa. Kile cha unga unachopewa na maji pembeni uchanganye mwenyewe jikoni, mara nyingi kimetoka kwa wauzaji wa mitandaoni wanaoandika "kwa utafiti tu, si kwa binaadamu", wenyewe wameshajitoa lawama kabla hujanunua. Nguvu yake wewe ndo unaiamua kwa maji uliyotia: unga wa miligramu 5 ukitia mililita 1 ni kitu kimoja, ukitia 2 ni kitu chengine, na kama ndani ya huo unga kweli mna miligramu 5 hakuna aliyepima. Mie hesabu zote nilizoziandika juu zinaanguka hapa, huwezi kugawa bei kwa miligramu kama miligramu zenyewe ni za kuambiwa.

Kwahiyo kanuni ni fupi: kichupa kisichokuwa na mg/mL iliyochapishwa juu yake, bei yake haipigiki, usikilinganishe na chochote.

HATUA YA SITA: Barafu, umeme na boti

Hizi dawa kabla ya kufunguliwa zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, na zikiganda ni za kutupa hata zikiyeyuka zikaonekana sawa. Ozempic ukishaianza inavumilia siku 56 nje ya friji kama joto halipiti 30. Mounjaro ya peni ya dozi moja siku 21, joto hilo hilo. Sasa niambie, Februari na Machi hapa kwetu, dirisha limefungwa, feni haina kazi, chumba cha juu Ng'ambo kina nyuzi ngapi saa nane mchana? Inapita 30 mara nyingi tu. Kwahiyo ile "inaweza kukaa nje" usiichukue kama imeandikiwa sisi.

Umeme nao. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 wanakumbuka waya wa baharini ulipokufa tukakaa gizani miezi mitatu, sasa hali si hiyo, lakini wa kukatika masaa kadhaa upo. Unahitaji friji isiyofunguliwa na watoto kila dakika kutafuta maji baridi, kijipimajoto kidogo ndani, na chupa mbili za barafu akiba. Usiiweke dawa karibu na kile kisanduku cha kugandishia.

Mzigo ukitoka Dar kwa boti ni kama saa mbili, hiyo si mbaya ikiwa kwenye kontena la barafu na mtu mmoja anaujua. Shida inakuja ukiwa Pemba. Mzigo umefika Malindi, bandarini Unguja, umekaa mpaka kesho, umepandishwa boti nyengine, umefika Mkoani, umetiwa kwenye gari kwenda Chake au Wete, na kila aliyeushika anakwambia "ulikuwa baridi". Mlipaji wa Pemba aongeze gharama ya mtu wa kuusindikiza au asinunue kwa umbali huo. Ukisafiri nao kwa ndege uweke kwenye begi la mkononi, chini kwenye mizigo unaweza kuganda, na barafu isiguse peni moja kwa moja, funga kitambaa katikati.

Andika kwenye daftari: sindano, pamba za spiriti, kontena la barafu, nauli, na asilimia fulani ya kupotea. Kwenye biashara kila mzigo unaooza una akiba ya hasara. Ukipoteza kichupa kimoja kwa joto kati ya 21, umeongeza karibu asilimia 5 kwenye bei, hii hakuna anayeihesabu.

HATUA YA SABA: Kuna njia ya tatu na wengi hawaijui

Watu wanabishana orijino au ya kuchanganywa kana kwamba hakuna kingine. Kipo, jeneriki. Hii si ya kuchanganywa, ni dawa iliyotengenezwa na kiwanda, ikapimwa, ikasajiliwa, ila kampuni nyengine baada ya hataza ya mwanzo (haki ya kampuni kuitengeneza peke yake) kwisha. Fungua kabati la dawa nyumbani kwenu, dawa ya presha, ya vidonda vya tumbo, ya kikohozi, ngapi zimeandikwa India? Tumekulia nazo hizo.

Hataza ya semaglutaidi India ukomo wake ni Machi 2026, na viwanda vya kule vilikuwa vimeshajipanga kwa hiyo tarehe siku nyingi. Liraglutaidi ya jeneriki ilishaanza kuuzwa Marekani 2024. Hata za kampuni zenyewe India zina bei tofauti: Mounjaro ilipoingia kule Machi 2025 kichupa cha 2.5 kiliwekwa rupia 3,500 na cha 5 rupia 4,375, kichupa kimoja ni dozi moja ya wiki. Kwa wiki nne ni rupia 14,000 na 17,500, tukisema rupia moja shilingi 30 basi ni 420,000 na 525,000. Hiyo ni ya kampuni, siyo ya kuchanganywa na mtu! Inakaribiana na vichupa vingi vya ajabu ajabu vinavyopita kwenye simu zetu.

Familia nyingi hapa zina mtu anayekwenda India matibabu, au kumsindikiza mgonjwa. Kama una sababu ya kweli ya kiafya, ni bora umuombe huyo akuulizie kwa daktari wa kule na cheti juu, kuliko kununua kwa mtu usiyemjua. Risiti, cheti na boksi viwe pamoja akiingia nazo. Asibebe za mtaa mzima, hiyo sasa ni biashara na ina sheria yake.

Na ukikuta jeneriki famasi hapa, uliza kama imesajiliwa. Afya si jambo la Muungano, sisi tuna Wakala wetu wa Chakula na Dawa, ZFDA, na bara wana TMDA yao, kwahiyo "imesajiliwa Dar" siyo jibu la swali lako. Ofisi zao ziko, kwenda kuuliza haina aibu, unampa jina la dawa na kiwanda.

HATUA YA NANE: Kabla hela haijatoka

Boksi zuri siyo ushahidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 juu ya Ozempic feki zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani, na kule Austria 2023 kuna watu walipelekwa spitali sukari imeshuka vibaya sana baada ya kujichoma "Ozempic" inayodhaniwa ilikuwa insulini. Hao hata hawakununua kichupa cha unga, walinunua peni. Kwahiyo anayesema peni ina usalama wa moja kwa moja naye akae kimya.

Ukiishika, tazama namba ya bechi na tarehe kwenye boksi na kwenye peni, zifanane. Maandishi yasiwe na makosa ya tahajia. Ozempic halali ukizungusha dozi haitoki nje ikarefuka kwa nyuma, ikirefuka iache hapo hapo. Dawa iwe angavu kama maji safi, haina chenga wala ukungu. Na kama lebo imebandikwa juu ya lebo, huna haja ya kuuliza zaidi.

Kwa anayeuza kwa simu, tuma ujumbe kama huu, nakili:

"Assalaam alaykum dada, naulizia ile sindano. Naomba picha ya kichupa mbele na nyuma, bechi na tarehe zionekane. Ni semaglutaidi au tirzepataidi, na ni miligramu ngapi kwa mililita? Imetoka famasi gani na nchi gani, na cheti cha daktari anaandika nani? Imesajiliwa ZFDA? Imekaa kwenye friji tangu lini na imesafiri vipi? Bei ya dozi ya 2.4 ni ngapi, siyo ya kuanzia. Na nikidhurika nimpigie nani, daktari gani?"

Muuzaji wa kweli atajibu, hata kama kwa kuchelewa, manake haya yote anayo kwenye karatasi. Wengi watakujibu la bei tu, halafu watakutumia picha za kabla na baada za mwanamke ambaye hata si wa hapa, halafu watakwambia zimebaki mbili. Ukifika kwenye zimebaki mbili, mshukuru dada wa watu, futa namba, na ile laki mbili kaifanyie vipimo vya sukari na mafuta spitali ya Mnazi Mmoja au ya Abdalla Mzee kwanza, ujue hata unatibu nini.